Mama anaitwa Yasinta, kaambiwa jina lake ni la magugu maji. Ni kweli?

Mwana_Igombe

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua asili ya maneno, hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima sasa.

Mama yangu anaitwa Yasinta. Ni mtu mzima, kazaliwa mwezi wa nane mwaka 1958 akabatizwa Bukumbi, maisha yake yote ni ziwa Victoria, baba alikuwa mvuvi na yeye mpaka leo anaanika dagaa huku Igombe. Sasa Jumamosi baada ya jumuiya watu wamekaa wanakunywa chai, kijana mmoja akaanza kuelezea kwamba haya magugu maji yanayotusumbua Kiingereza chake ni water hyacinth, na hiyo Hyacinth ndo hiyohiyo Yasinta, kwa iyo kuanzia leo mama Yasinta tumwite mama Magugu. Watu wakacheka, mama nae akatabasamu kidogo, lakini mimi namjua mama yangu. Tumefika nyumbani hajavua hata viatu akaniuliza, "Hivi mwanangu, yule padri alinipa jina la gugu?"

Kwa mtu wa mbali inaweza kuonekana ni utani tu, ila sisi wa huku tunajua lile gugu limetufanya nini. Mwaka 98 nilikua darasa la tatu, magugu yalifunga ufukwe wote wa kwetu ukawa kama shamba, ukiangalia huoni maji kabisa. Baba alitega nyavu jioni, usiku upepo ukageuka ukasukuma kisiwa kizima cha magugu juu yake, asubuhi hakuna boya hata moja linaloonekana, nyavu zote zilikwenda na zilikua za mkopo. Mama na wenzake walikua wanaingia majini mpaka kiunoni wanayang'oa kwa mikono ili wapate sehemu ya kuchota maji, konokono wamejaa kwenye mizizi, mama akapata kichocho akaumwa karibu mwaka mzima. Halafu leo mtu anamwambia wewe na gugu ni wajina.

Nimegugo mwenyewe nikachanganyikiwa zaidi, mara naona hadithi ya kijana wa Ugiriki aliyeuawa na kisahani, mara ua, mara mtakatifu, mara jiwe la thamani. Hivi hili neno maana yake hasa ni nini, lilianzia wapi, na lilifikaje kwa mama yangu na kwenye gugu? Naomba msinijibu kwa utani, nataka nikamwambie kitu cha kweli.

Nyakato_Juu

Pole sana mkuu na mama mpe pole. Mi nilivokua najua Yasinta imetoka kwenye Yasini, ile sura ya Kurani, ikaingia kwa Wakristo kupitia pwani. Mwambie ni jina la heshima kabisa asisikilize watu.

Ticha_Baiolojia

Mkuu pole. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Mwanza, nianze na gugu lenyewe maana ndo limeleta maneno, wa lugha watakuja.

Kwanza hilo gugu halina undugu wowote na ua la hayasinthi. Hayasinthi ya ukweli ni ya nchi kavu, inaota kutoka kwenye tunguu ardhini, asili yake ni pande za Uturuki, Syria na Lebanoni, kisayansi inaitwa Hyacinthus orientalis na iko familia moja na asparaga. Gugu letu ni mtu wa Amerika Kusini, bonde la Amazon. Mjerumani Martius ndo alieliandika kisayansi miaka ya 1820 baada ya kulikuta Brazil, akaliita Pontederia crassipes. Crassipes ni Kilatini, maana yake mwenye mguu mnene, na ukilishika utaona kwa nini, lile shina la jani limevimba kama kitunguu, ukilipasua ndani ni kama sifongo tupu imejaa hewa, ndo maana halizami. Baadae likahamishiwa jina la Eichhornia, kwa heshima ya waziri mmoja wa Prussia, dola ya Wajerumani enzi hizo, aliyekuwa anasimamia elimu, na miaka ya karibuni wamelirudisha tena Pontederia. Kwa iyo kwenye karatasi za sayansi hakuna hata sehemu moja gugu hili linaitwa Hyacinthus.

Hilo la water hyacinth ni jina la mtaani la Waingereza. Waliona mashada ya maua ya zambarau yamesimama juu ya maji, wakasema hii ni kama hayasinthi ya majini, basi. Ni sawa na sisi tunavyoita viazi. Kiazi kitamu unachokatia michembe na kiazi cha chipsi vyote tunaviita viazi, ila kimoja ni familia ya majani ya matembele na kingine ni ndugu wa nyanya na bilinganya. Hakuna aliyewahi kukilaumu kiazi kitamu kwa ugonjwa wa kiazi cha chipsi.

Na huku ziwani limekuja juzi tu. Lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, mto Kagera ukawa unalishusha kila siku kutoka juu huko. Likipata maji yenye rutuba linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Miaka ya 1990 ndo wakaletwa wale fukusi wa Neochetina, asili yao Amerika Kusini hukohuko, wanalitafuna majani na viwavi wao wanatoboa shina mpaka maji yanaingia linazama. Sasa piga hesabu, mama kabatizwa 1958. Gugu lilimkuta mama ziwani ana zaidi ya miaka 30 na jina lake.

Mwana_Igombe

Ticha ubarikiwe, hiyo ya kwamba gugu lilimkuta ana jina lake nimemwambia hapahapa akaitikia "eeh, kweli". Bado hilo neno lenyewe.

Babu_Mkuyuni

Vijana hamjambo. Mimi nilipita seminari zamani, tulisoma Kilatini miaka mingi na Kigiriki kidogo, niruhusuni niseme ninachokumbuka vizuri.

Neno lenyewe kwa Kigiriki ni hyakinthos. Kwa Homer, mshairi wao wa zamani sana, ni ua tu, anaposimulia shujaa Odysseus ametoka kuoga anasema nywele zake zilishuka zimejikunja kama ua la hyakinthos. Lakini pia ni jina la mtu. Hyakinthos alikuwa kijana mzuri sana wa Amyklai, mahali kusini kidogo ya mji wa Sparta, wengi wanasema ni mtoto wa mfalme Amyklas. Mungu wao Apollo alimpenda kuliko kitu chochote, akaacha mambo yake yote akawa anashinda nae, wanawinda pamoja, anambebea nyavu na kumshikia mbwa. Siku moja mchana jua kali wanashindana kurusha kisahani cha shaba. Apollo akarusha juu sana, kijana akakimbilia kukiokota kwa furaha kabla hakijatulia, kikadunda kwenye ardhi ngumu kikampiga usoni. Wengine wanasimulia kwamba upepo wa magharibi, Zephyros, nae alimpenda yule kijana akakataliwa, kwa hiyo kwa wivu akavuma ghafla akakipotosha kisahani kikampata kichwani. Nyie wa ziwani hamhitaji kuelezwa sana hapo, mnajua upepo ukigeuka unachukua nini.

Apollo ni mungu wa uganga pia, akajaribu dawa zote zikashindwa. Kichwa cha kijana kikalala begani kama ua lililovunjwa shingo. Damu ikamwagika kwenye majani na hapo ikaota ua la rangi ya zambarau, na Apollo akaandika kilio chake kwenye petali, herufi mbili, AI, AI. Kwa Kigiriki hiyo ndo sauti ya mtu anayelia msiba, kama sisi tunavyosema uwiii. Wataalamu wengi wanaona hilo ua la kale si hili linaloitwa hayasinthi leo, maana hili halina alama za namna hiyo, linatajwa zaidi ua la jamii ya airisi au delfiniamu.

Wasparta hawakuiacha ikawa hadithi ya watoto. Kila mwaka walikuwa na sikukuu ya Hyakinthia hapo Amyklai, siku tatu. Mwanzo wake ni msiba kabisa, hakuna kuvaa taji la maua, hakuna kula mkate wa ngano, hakuna kuimba wimbo wa Apollo. Halafu msiba unaanuliwa, zinaanza ngoma, vijana wanaimba, mabinti wanapita kwenye magari yaliyopambwa, hata watumwa wanakula meza moja na mabwana zao. Watu wa Amyklai walikuwa wanarudi nyumbani kwa ajili ya sikukuu hiyo hata wakiwa vitani. Na kaburi la kijana lilikuwa chini ya sanamu kubwa ya Apollo, lina mlango wa shaba ubavuni, sadaka ya kijana inapitishwa kwanza mlangoni ndipo watoe ya mungu. Mimi nikifikiria hapo naona wazi kwamba yule kijana alikuwa mwenyeji wa pale kabla ya Apollo, mgeni alipokuja akamkuta.

Na neno lenyewe linathibitisha. Sikilizeni mlio wake, hyakin-thos, halafu mfikirie Korintho, ule mji wa nyaraka za Paulo, na kile kisiwa cha Zakynthos, na labyrinthos ile nyumba ya vichochoro ya Krete. Hiyo nth katikati si ya Kigiriki. Wataalamu wa lugha wanaihesabu kuwa alama ya watu waliokaa nchi ile kabla ya Wagiriki kufika, lugha yao ikapotea yakabaki majina ya miji, mimea na baadhi ya miungu. Kwa hiyo mwanangu jina la mama yako lina umri kuliko Kigiriki chenyewe.

Mwana_Igombe

Shikamoo mzee wangu na asante sana, nimesoma kwa sauti mama akiwa anachambua dagaa akaacha kuchambua. Ila kaniuliza swali zuri, "sasa jina la kijana wa miungu ya Wayunani lilifikaje kwenye kitabu cha padri?" Sikua na jibu.

Dada_Kwaya

Hapo naweza kusaidia mimi, na Nyakato_Juu nia yako nzuri ila Yasini ni kitu kingine, ni majina ya herufi mbili za Kiarabu, Ya na Sin, haina uhusiano na Yasinta.

Wagiriki na Warumi walikua wanawaita watoto na hasa watumwa wao majina ya namna hiyo ya kwenye hadithi na maua, Ukristo ulivoingia watu wakabatizwa na majina yao yaleyale. Huko Roma kuna mashahidi wawili wa zamani sana, Protus na Hyacinthus, sikukuu yao 11 Septemba. Mwaka 1845 walikuta kaburi la huyu Hyacinthus kwenye katakombe, yale makaburi ya chini ya ardhi, barabara ya Salaria, likiwa halijafunguliwa, mifupa ndani imeungua moto, na juu yake jiwe limeandikwa kazikwa siku hiyohiyo ya 11 Septemba. Na kilichonigusa mimi ni tahajia, kwenye jiwe hawajaanza na H, wameandika YACINTHVS MARTYR. Kwa Y kabisa kama mama yako!

Halafu yupo yule wa Poland, Mdominiko, kwao wanamwita Jacek, kwa Kilatini Hyacinthus, alifariki Krakow mwaka 1257. Kwenye kalenda ya zamani kabla ya mabadiliko ya 1969 sikukuu yake ilikua 17 Agosti. Umesema mama kazaliwa mwezi wa nane na kabatizwa 58, mapadri enzi zile walikua wanafungua kalenda wanaangalia mtakatifu wa siku za karibu wanampa mtoto, mi nafikiri ndo ilivokua. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1883, shirika lao lilianzishwa na Mfaransa, kadinali Lavigerie, na Kifaransa Hyacinthe inatamkwa yasenti, ile H haisikiki kabisa. Ongeza a ya kike unapata Yasinta. Wareno wao wanasema Jacinta, ndo jina la yule mtoto wa Fatima kule Ureno, mmoja wa wale watatu waliosema wametokewa na Bikira Maria, aliefariki 1920 hajafika miaka kumi, akatangazwa mtakatifu mwaka 2017. Mwambie mama ana wajina wengi na hakuna hata mmoja anaeelea ziwani.

Sonara_Mjini

Ndugu zangu mmezunguka Ugiriki, Roma na Poland mmeruka kitu kiko hapa mezani kwangu. Mimi ni sonara, nashika vito kila siku. Yakuti ni neno hilohilo.

Ndio, yakuti. Wagiriki walikua na jiwe la thamani pia wakiliita hyakinthos, kwa sababu ya rangi ya lile ua, na wengi wanaona lilikua la bluu, ile yakuti samawi yenyewe. Neno likaenda mashariki na wafanyabiashara, kwenye Kiaramu cha Syria likawa yakunda, kwa Kiarabu likawa yaqut, kwa Waswahili yakuti. Uingereza hilohilo limekua jina la jiwe jingine la rangi ya machungwa. Unaona limetembea likibadilisha rangi njiani.

Na kitu kinachonifurahisha sana kuhusu Kiswahili, sisi tunaita jiwe jekundu yakuti, na la bluu yakuti samawi, jina moja. Wazungu wana majina mawili wakidhani ni mawe mawili mpaka wanakemia walipokuja kuwaambia ni madini moja, korundi, ikiingiwa na kromiamu kidogo inakua nyekundu, ikiingiwa na chuma na titani inakua bluu. Mzee wa pwani aliyekua anauza kwenye jahazi alishalijumlisha zamani. Na zipo kwetu hapahapa Tanzania, nyekundu za Longido na Winza, za rangi nyingi za bonde la Umba kule Tanga.

Ngoja nimalizie na hii. Mimi ni Msabato, Biblia yetu ni Union Version. Chukua Ufunuo 21 mstari wa 19 na 20, misingi ya ukuta wa Yerusalemu mpya. Wa pili ni yakuti samawi, wa tisa ni yakuti ya manjano, halafu nenda wa kumi na moja, "wa kumi na moja hiakintho". Waliotafsiri walikuta neno la Kigiriki wakaliacha lilivyo, bila shaka wakijua kwamba yakuti wameshaitumia. Kwa iyo neno la mama limo kwenye ukuta ule zaidi ya mara moja, kwa maumbo mawili.

Abuu_Mabatini

Assalam alaykum. Sonara hapo naomba tuelewane vizuri. Yakuti ni neno la Kiarabu, lipo ndani ya Kurani, Surat Rahman aya ya 58, "kama kwamba wao ni yakuti na marijani". Sasa ukisema ni la miungu ya Wagiriki unatupeleka wapi? Nakubali mama wa watu asitukanwe, ila tusilazimishe maneno yafanane.

Babu_Mkuyuni

Waalaykum salaam Abuu, na umeuliza kwa adabu. Sonara hajakosea, na hakuna kinachopungua kwenye aya. Wanachuoni wa Kiislamu wenyewe walilichunguza zamani, as-Suyuti aliyefariki mwaka 1505 aliliweka kwenye orodha ya maneno ya Kurani yenye asili ya lugha nyingine, na kabla yake al-Jawaliqi aliyataja hayo, wao wakasema ni la Kiajemi. Maneno ya Kiarabu yana mzizi wa herufi tatu ambao unazaa maneno mengine, kitabu, katibu, maktaba. Jaribu kwa yakuti, utakuta limekaa peke yake kama mgeni asiye na ukoo. Walioendelea kulifuata nyuma ndo wakafika Syria na kisha Ugiriki. Na jiwe halikubeba hadithi ya Apollo, lilibeba rangi tu.

Abuu_Mabatini

Mzee nimekuelewa, as-Suyuti sina la kubishana nae. Na kwa sababu hiyo nimekumbuka kitu, acha nikiongeze kwa ajili ya mama.

Yupo mwanajiografia mkubwa wa Waislamu, Yaqut al-Hamawi, kafariki mwaka 1229. Huyu asili yake ni Mrumi, yaani Mgiriki wa Bizanti, ule ufalme wa Warumi wa mashariki, alitekwa mdogo akauzwa Baghdad, na wakati ule watumwa walikua wanapewa majina ya vito na manukato, yeye akaitwa Yaqut. Tajiri yake akamsomesha amsaidie mahesabu ya biashara, baadae akawa huru, akazunguka nchi kwa nchi akaandika kamusi kubwa ya majina ya miji na visiwa. Sasa nimekaa nafikiria, mtoto wa Kigiriki anafika Baghdad anapewa jina la Kiarabu, kumbe ni neno la kwao linamrudia bila yeye kujua. Na kwenye kamusi yake hiyo kaandika habari za Unguja yetu, kwamba watu wake walihamia kisiwa kingine kiitwacho Tumbatu na wakazi wake ni Waislamu. Ni moja ya maandishi ya zamani kabisa yanayotaja Tumbatu. Kwa hiyo wajina wa mama alituandika sisi miaka mia nane iliyopita. Mpe salamu zangu mama Yasinta.

Mto_Kisumu

Nawasoma kutoka Kisumu hapa. Sisi huku hata hatusemi magugu maji, ni hyacinth tu kila mtu, wavuvi, akina mama wa samaki, matatu. Ikifunga ghuba ya Winam hata boti ya kwenda hospitali haipiti. Lakini pia nataka mama ajue kuna watu huku wanaikausha ile miguu ya gugu wanasuka vikapu na viti, na vinauzwa. Nimekalia kimoja saa hii nikiandika. Poleni sana kwa zile nyavu.

Mwana_Igombe

Wakuu nimerudi. Sijui niwashukuru vipi, naandika yaliyotokea tu.

Jana jioni nilikaa na mama na binti yangu ufukweni, kuna vifungu vichache vya magugu vimesukumwa na upepo wa mchana vimekaa kwenye mawe. Binti amesoma hii mada yote akataka kuona kama kuna AI kwenye ua. Nikamwambia ticha kasema si ua lile, hakunisikia, akachuma shada zima akaanza kukagua petali mojamoja. Ziko sita kila ua, tano zina zambarau iliyopauka tu, ila ya juu ina doa la njano katikati na bluu ya kukoza imelizunguka, kama jicho la tausi. Miaka yote hii naishi na hili gugu sikuwahi kuliona hilo jicho. Herufi hakuna.

Mama akawa anamwangalia. Halafu akasema, "Mwambie babu wa Mkuyuni hapo kwenye kuvunjika shingo, hili nalo linainama." Akatuonyesha shada lililomaliza kuchanua, kweli shina lake limejikunja lenyewe kichwa kimeingia majini. Anasema ndo linavyopanda mbegu, likishachanua linainama linazificha chini kwenye maji, ndo maana mkiyatoa yote mwaka huu mwakani yanarudi, amelijua hilo toka mwaka ule wa 98 anayang'oa. Ticha nadhani utanithibitishia.

Usiku tukaazima Biblia ya jirani, Union Version kama Sonara alivyosema. Mama kavaa miwani akaifuata misingi kwa kidole, yaspi, yakuti samawi, kalkedoni, zumaridi, hana haraka, mpaka akafika wa kumi na moja. Akairudia ile hiakintho mara tatu, ya mwisho akaitamka Hiyasinta. Akafunga kitabu akaniuliza jiwe lenyewe ni rangi gani, nikamwambia wanasema bluu. Akasema "kama ziwa likiwa halina magugu". Hakuongea tena akaenda kulala.

Leo asubuhi kabla hajaenda kwenye vichanja kaniomba kitu kimoja, anataka picha ya lile jiwe la kaburi la Roma lenye jina lililoanza na Y, ichapishwe kubwa iwekwe fremu, anataka aende nayo jumuiya Jumamosi. Dada_Kwaya kama unayo iliyo safi nitumie. Na kama kuna anayejua sehemu hapa mjini wanachapisha picha vizuri bila kufifia anielekeze, nitashuka Alhamisi.